Vitone vya Kijani Ndani ya Yai la Inzi

Ndani ya yai la inzi, vitone vya RNA, chembe zinazobeba ujumbe wa jeni, vilikuwa vikimetameta kijani, vikisafiri kinyume cha mkondo wa ute kuelekea mwisho wa yai. Stamatia, jicho kwenye hadubini, nusura apige kelele. Miaka yote mwalimu wake alishikilia kwamba vitone hivyo vinasombwa tu na ute, na leo mzee alikuwa anastaafu.

Akachomoka mbio hadi barazani. Mzee alikuwa anakunywa kahawa, akichezea shanga zake za uzi mkononi.

"Njoo, Mwalimu! Leo nakuumbua!"

"We binti na ndoto zako! Hebu niache ninywe kahawa."

"Kahawa itakungoja!"

Walitaniana mpaka kikombe kikabaki na mashapo tu. Ndipo mzee akaja, akainamia hadubini. Shanga zikanyamaza mkononi mwake.

"Nimeviona," alisema hatimaye, kwa upole ambao Stamatia hakuuzoea. "Vinakwenda vyenyewe. Ulisema kweli."

Stamatia akainama kwa pupa. Giza tupu. Taa ya hadubini, ile inayoviwasha vitone na kuvifisha vikimulikwa mno, alikuwa ameiacha ikiwaka tangu alipotoka; vilikuwa vimezimika kabla mzee hajainama.

Nyuma yake shanga zilianza kugongana tena, polepole. Laiti mzee angemwita mwongo, kama siku zote.