Nafasi Katika Picha

Sheria iliruhusu mzazi kumfuta mwanawe: alibonyeza kitufe, na mtoto akatoweka katika kila picha ya ukoo. Waliofutwa kwa kupenda watu wa jinsia yao walikimbilia kwa Nafula, Nakuru. Alianza kuwapokea sebuleni kwake. Leo chama chake kilikuwa kinafungua nyumba ya tatu. Wenzake walipiga vigelegele. Yeye alitazama vitanda vipya, moyo ukamwuma kwa kujua vyote vingejaa.

Jioni aliingia msichana mwenye begi.

“Karibu, mdogo wangu. U binti wa nani?”

“Naitwa Nekoye, wa Mzee Sitati wa Kimilili.”

Nafula aliketi. Sitati alikuwa baba yake pia, aliyemfuta kabla msichana huyu hajazaliwa.

“Una ndugu?”

“Sina, dada. Baba anasema kwetu hakujatokea mtu kama mimi. Ila kuna picha ukutani, yeye na mama wameacha nafasi katikati. Mama hupangusa hapo kila asubuhi.”

“Hapo nilisimama mimi,” Nafula alisema.

Nekoye alimkazia macho, kisha machozi yakamtoka.

“Basi sasa mama atapangusa nafasi mbili.”