Diski Iliyokosa Herufi

Fundi wa kompyuta alikuwa na begi la safari begani mwanamke asiyemjua alipoingia dukani kwake, kakumbatia kompyuta.

"Kaka, nimesasisha mfumo, diski ya pili haionekani. Sauti ya marehemu mama imo humo. Shemeji anasema niifomati."

"Shemeji ni fundi?"

"Kinyozi."

"Basi anyoe vichwa! Ukifomati, kila kitu kinafutika. Siondoki mpaka umsikie mama."

Nje, basi la mwisho la kwenda kwao likapiga honi. Fundi akaliangalia likiondoka, akatua begi.

Akawasha kompyuta. Kwenye orodha ya diski, ile ya pili ilikuwepo nzima, ila haikuwa na herufi ambayo kompyuta huitumia kuitambua.

"Haijafa, dada. Imevuliwa jina tu."

Akaipa herufi D, akafungua faili la kwanza la sauti.

"We mtoto," spika ikacheka, "umekula?"

"Bado, mama," mwanamke akajibu, akashusha pumzi.