Kapasita ya Cherehani

Moyo wa Bi Mgeni uliendeshwa na kompyuta ndogo kama punje ya mtama, na sheria ilitaka kila mota ya nyumbani ifungwe kapasita, kifaa kidogo cha kuzuia kelele zake za umeme zisije zikaivuruga kompyuta hiyo.

"Miaka tisa nyumbani kwangu, na chai bado inakushinda!" Bi Mgeni alimfokea Salha, mke wa mwanawe, kama kila asubuhi.

Salha aliketi kwenye cherehani yake ya umeme, akaikata kapasita ya mota kwa mkasi, akaiweka mezani mbele ya mama mkwe. Kisha akaweka mguu juu ya pedali, bila kuikanyaga.

Bi Mgeni akashika kifua. "Kaa tu, mwanangu. Chai leo nitapika mimi."

"Tia tangawizi, mama," alisema Salha, na mguu wake haukuondoka pale.