Nafasi Nne Zaidi

Mwanakheri alijipenyeza nje ya gari kwa ubavu, vifungo vya gauni vikikwaruza gari la jirani. Mlango wa nyuma, alikoketi mama yake, ulifunguka kiasi cha kupitisha mkono tu. Kiti cha magurudumu kilikuwa bado kwenye buti, na foleni ilikwisha kuwaziba kwa nyuma.

"Nani kayachora maegesho haya, mwanangu?" mama akauliza. "Hana mama?"

Mwanakheri aligeuza macho. Karibu na lango la duka, chini ya rangi nyeusi, alama ya kiti cha magurudumu ilikuwa ingali inaonekana, kama kovu. Kwenye ramani ya kwanza ya maegesho hayo aliichora yeye mwenyewe, nafasi pana, mlango ufunguke wote. Kisha mwenye duka akamwambia, "Nipatie nafasi nne zaidi, dada. Wagonjwa hukaa kwao." Naye Mwanakheri akaifuta, akaibana mistari, akatia sahihi.

Honi zikazidi. Mama akashusha kioo, akautoa mkono nje, akamshika binti yake kidole.

"Basi simama papo hapo, unisimulie. Huko ndani kukoje?"