Pengo la Maarifa

Kwa mara ya sita, karani wa hospitali alimrudishia Nakijwa ombi lake. Siku hizi mtu hatibiwi bila ruzuku ya utafiti, na ombi la ruzuku huandikwa na watu wa nyumbani kwake.

"Dada, hujaonyesha pengo la maarifa."

"Pengo gani tena? Baba yangu ana pumu! Hapumui!"

"Ndiyo hivyo. Pumu tunaijua. Pengo ni kile ambacho wataalamu hawakijui bado. Serikali haifadhili kinachojulikana."

"Na dawa ipo?"

"Imejaa stoo."

Nakijwa alitamani kuling'oa lile dirisha la karani. Alipofika nyumbani alimkuta Mzee Kiondo ameketi kitandani, kifua kikipiga mluzi.

"Wamesemaje, mwanangu?"

"Wanasema ugonjwa wako hauna jipya, baba."

Basi akachukua fomu ya saba, akatunga uongo kwa hasira. Aliandika kwamba baba yake hubanwa kifua kila jogoo anapowika, na kwamba hakuna ajuaye kwa nini.

Jibu lilikuja kabla ugali haujaiva: ombi limekubaliwa. Nakijwa akapiga vigelegele, halafu akasoma mstari wa mwisho. "Mshiriki asipewe dawa yoyote mpaka pengo lizibwe. Muda wa utafiti: miaka mitano."

Kesho yake asubuhi watu wa ofisi ya ruzuku walileta jogoo mwekundu, wakamfunga chini ya dirisha la mzee.

"Kumbe wana utu," Mzee Kiondo alisema, akihema. "Wametuletea na kitoweo."