Dawa za Marehemu

"Tupa zote, binti," mzee alisema. "Hata kidonge kimoja kisibaki."

Juu ya kaunta alikuwa amemimina mfuko mzima wa vipakiti vya plastiki vilivyoungana kama utepe, kila kimoja na vidonge vyake vya asubuhi au vya jioni. Vyote vimeandikwa jina moja: Gil Mal-sun.

Hye-ryeong, mfamasia, alikuwa na siku ya tatu tu ya kazi katika duka hilo la dawa, pembezoni mwa mji wa Suncheon. Aliangalia tarehe.

"Babu, hizi zimetolewa wiki iliyopita tu. Za moyo."

"Kwani kifo hupiga hodi? Mke wangu alilala mzima." Machozi yalimtoka, hata hakuyafuta. "Miaka hamsini na miwili ananipikia supu ya soya. Sasa kila nikifungua kabati nakutana na jina lake. Na mwenyewe hakutaka dawa zitupwe mferejini. Alisema zinaua samaki."

"Pole sana, babu."

Alichukua mkasi. Akakata kipakiti baada ya kipakiti, akamimina vidonge ndani ya pipa la dawa za kuchomwa, juu ya vidonge vya watu wengine, vyeupe juu ya vyeupe. Mzee alivua kofia, akasimama wima mpaka mwisho.

Mlango ukasukumwa. Aliingia mwanamke mzee akihema, mguu mmoja kiatu, mwingine kandambili.

"Huyu naye!" mzee alinong'ona kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. "Ofisi ya kata imenipachikia awe mtunzaji wangu. Anapika vizuri, sikatai, lakini hata chooni ananigongea mlango. Mtu haachwi akaomboleza?"

Mwanamke alivitazama vipakiti vitupu. Akalitazama pipa. 

"Umemaliza, mzee?" aliuliza kwa upole.

"Nimemaliza."

"Haya. Kakae kwenye benchi hapo nje, kuna jua. Nakuja."

Alingoja mlango ufungwe, ndipo akaishika kaunta kwa mikono miwili.

"Mwanangu, vile vidonge vinaweza kutolewa humo?"

"Vimeshachanganyika, bibi. Siwezi tena kujua kipi ni kipi."

"Basi nipe vingine. Vya siku tatu tu. Daktari harudi hadi Alhamisi."

"Dawa za moyo siruhusiwi kutoa bila cheti chake." Hye-ryeong alimtazama, asielewe. "Na vya nini tena, bibi? Si mgonjwa mwenyewe ameshafariki?"

Mwanamke aligeuka, akamchungulia mzee kupitia kioo cha mlango.

"Mwaka huu peke yake," alisema, "mume wangu ameshanizika mara tatu."