Santuri ya Mke Mwenza

Kombo, mkusanyaji wa gramafoni za zamani, aliipata santuri hiyo asubuhi, akaipiga madirisha yakiwa wazi. Hilo ndilo lililomponza.

Bi Mize, bibi wa nyumba ya pili, aliusikia wimbo, akaingia na mchi wa kinu, akavunja kioo cha kabati kabla hata ya salamu.

"Iko wapi?"

"Bibi, nakuomba, imebaki hii moja tu," Kombo alisema, kaikumbatia kifuani.

"Nyingine zote nimezivunja mimi! Mke mwenzangu kaniimba humo kuwa mimi tasa, na mji mzima ukacheza. Lete!"

Hakuileta. Mchi ukampata begani, kisha vidoleni. Mfupa ukalia. Santuri ikaanguka sakafuni, ikapasuka.

Bi Mize akaanza kuitwanga. Vipande vikawa chenga, chenga zikawa unga mweusi, naye bado anatwanga, kafumba macho, mchi ukishuka kwa mapigo yaleyale: moja zito, mawili mepesi.

Kombo, damu ikimchuruzika, aliinua uso. Yalikuwa mapigo ya wimbo ule.

Majirani walikuwa wamejaa mlangoni. Kiuno cha mmoja wao kikaanza kuyumba.